Kisanduku cha Tatizo

Pale Karatu watu walimwita Germana "fundi kompyuta", naye alichoka kuwasahihisha mwezi wa pili tu tangu aajiriwe. Aliajiriwa awe msanifu wa mifumo. Sasa nenda kamweleze mpishi wa kambi msanifu wa mifumo ni nani, uone kama hatakuletea friji. Na friji aliletewa kweli. Aliletewa pia redio kaseti, pasi ya umeme, hata simu ya mkononi iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Vyote alivipokea kwa upole na kuvirudisha kwa upole vikiwa bado vibovu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu msomi wa Dar hajui kitu. Jioni alifunga ofisi, akarudi kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga, akapika ugali wa mtu mmoja.

Ulikuwa mwaka 2004. Kampuni yenyewe ilikuwa ya utalii, na ilikuwa na ofisi kubwa Arusha, ofisi ndogo Karatu, na kambi tano zilizotawanyika Ngorongoro, moja Enguserosambu, moja Malambo, nyingine huko huko mbali. Kila kitengo kilikuwa na mazoea yake na kiburi chake. Arusha waliandika wageni kwenye kompyuta. Stoo ya Karatu waliandika unga na mayai kwenye daftari. Madereva waliandika mafuta kwenye viganja vyao, wakanawa mikono, na hesabu ya mafuta ikaishia kwenye karo. Kazi ya Germana ilikuwa kuuona mparaganyo huo wote kama kitu kimoja. Alitakiwa achore kampuni ilivyo leo, achore inavyotakiwa kuwa, halafu aonyeshe njia ya kutoka mchoro wa kwanza kwenda wa pili bila kazi kusimama hata siku moja.

Alijifunza Dar es Salaam, kwa mwalimu mkali aliyewakataza kugusa kompyuta mwezi mzima wa kwanza. Anza na watu na kazi zao, mwalimu alisema. Halafu habari wanazohitaji ili kazi iende. Halafu programu za kubeba habari hizo. Mashine ziwe za mwisho kabisa. Wengi huanza na mashine kwa sababu mashine ndiyo inayong'aa. Na kulikuwa na sharti moja ambalo aliwaandikisha mara tatu kwenye madaftari kama watoto wa shule: usichore kisanduku cha mtu ambaye hujakaa naye ukamwona anafanya kazi.

Basi Germana aligundisha karatasi sita za manila kwenye ukuta wa ofisi na kuanza kuchora. Kila mtu au kitengo kilipata kisanduku, na kila habari inayotoka hapa kwenda pale ilipata mshale. Anitha, meneja mkuu, mama wa Arusha mwenye haraka ya kuzaliwa nayo, alipokuja kukagua alisimama mbele ya ukuta ule dakika nzima, jambo ambalo kwake ni kama likizo. Akaridhika. Wengine walipita mlangoni, wakachungulia, wakaenda zao. Hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi ile, maana hakukuwa na mwingine aliyeifanya kuanzia pale hadi Arusha mjini. Wakati mwingine Germana alijikuta akizungumza na karatasi.

Na kwao hakukuwa mbali. Kwao ni Kansay, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Mtu ungejiuliza kwa nini Jumapili inamkuta amekaa kitandani anahesabu misumari ya dari wakati ana kaka yake wa tumbo moja anaishi pale alipozaliwa. Lakini Germana na kaka yake Tluway walikuwa hawasemezani, mwaka wa tatu sasa. Walizaliwa wawili tu. Baba alifariki wakiwa wadogo, na mama naye hayupo. Tluway ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayejua jinsi mama yao alivyokuwa akicheka. Na Germana alikuwa amempoteza kwa hiari yake, kwa hasira.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2001, Germana akiwa bado Dar, walikuwa na utaratibu wao. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Tluway alifika Karatu na kusimama kwenye duka moja lenye simu, naye Germana alipiga kutoka kwenye kibanda cha simu ya kadi. Jumamosi moja uniti zilikuwa zimebaki kidogo, na nyuma yake watu wa foleni walikuwa wanasonya. Akauliza haraka haraka, "Tluway, kuna tatizo lolote huko?" Tluway akajibu, "Hapana, hatujambo." Germana akasema basi sawa, tutaongea wiki ijayo, akarudisha mkono wa simu mahali pake. Jumatatu mama yao akafariki. Taarifa ilimfikia Germana Alhamisi, na aliposhuka Kansay alikuta mama ameshazikwa na wakodishaji wa viti vya msiba wanakusanya viti vyao.

Alimkabili kaka yake mbele ya watu. "Kwa nini ulinidanganya?" alimuuliza. Tluway alitazama chini, hakujibu, akaenda kufungulia ndama. Germana aliuchukua ukimya ule kuwa ni kukiri. Hata alipopata kazi Karatu hakupanda kwenda Kansay. Walikutana mara moja mnadani, Tluway akiuza mbuzi. Kaka alianza kumsalimia, dada akasema ana haraka, akapita. Usiku wa siku hiyo, na siku nyingi nyingine, alijuta. Lakini kujuta na kwenda ni vitu viwili, na yeye alibaki na cha kwanza.

Sasa turudi kwenye ukuta. Kwenye mchoro wa kampuni, mishale karibu yote ilipita kwenye kisanduku kimoja: chumba cha redio. Humo alikaa Mzee Bartolomeo, Mchaga wa Rombo aliyefika Karatu zamani kufungua duka. Duka lilimshinda, akabaki na redio. Kila siku saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni aliita kambi zote tano, moja baada ya nyingine, na Germana, kwa kufuata kanuni za mwalimu wake, alikaa pembeni yake wiki mbili na saa mkononi akipima.

"Malambo, Malambo, hapa Karatu."

"Karatu, nakupata vizuri, Mzee." Huyo ni Kakuta, msimamizi wa kambi ya Malambo, Mmasai mwenye sauti nzito isiyojua kukimbia.

"Kakuta, umeamkaje?"

"Salama tu."

"Watoto?"

"Wazima."

"Ng'ombe?"

"Wazima. Mbuzi wazima."

"Mvua?"

"Imeonekana kwa mbali, haijafika. Na huko, Mzee, mama watoto hajambo? Mahindi yameota?"

Wakaendelea hivyo, salamu zikahamia kwa wakwe, kwa majirani, kwa goti la Bartolomeo lililokuwa linauma wakati wa baridi. Kila kitu kilikuwa kizuri. Ndipo Kakuta akavuta pumzi na kusema, "Nzuri zote, Mzee, ila jenereta haiwaki tangu jana."

Germana aliangalia saa yake. Dakika kumi na moja, na saba kati ya hizo zilikuwa za salamu. Jioni alichukua kalamu nyekundu na kuzipaka dakika hizo saba kwenye mchoro wake. Nyekundu maana yake ni muda unaopotea bure. Mzee Bartolomeo alikuja kutazama, miwani imeshuka puani.

"Binti, hayo mekundu ndiyo kazi yangu," alisema, akacheka. "Hayo meusi hata kasuku anaweza."

Germana naye alicheka, na hakumuuliza ana maana gani. Wiki zile mbili alizokaa chumba cha redio, akinywa chai ya mzee yule na kusikiliza habari za mbuzi wa watu asiowajua, hakuwa mpweke. Alikuja kuling'amua hilo baadaye, chumba kilipofungwa.

Maana mchoro wa pili haukuwa na chumba cha redio. Kila kambi ingepata kompyuta, betri za sola na sahani ya setilaiti, na kila asubuhi msimamizi angejaza fomu fupi: wageni wangapi, magari mangapi, mafuta lita ngapi, na mwisho, "Kuna tatizo?" Hapo palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Kazi ya dakika mbili. Kabla ya kuusaini mchoro huo, Germana alitembelea kambi nne, akakaa na wasimamizi wa huko kama alivyofundishwa. Malambo hakufika. Mvua za masika zilikata barabara, na Anitha alikuwa anapiga simu kila siku akiuliza mchoro uko wapi. Kisanduku cha Kakuta alikichora kwa kumsikia redioni. Alijua anavunja sharti la mwalimu wake, akalivunja.

Mwanzoni mwa Juni redio ilizimwa kwa majaribio ya miezi miwili. Majaribio yakifaulu, ingeuzwa, na Mzee Bartolomeo angerudi Rombo moja kwa moja. Walimpa likizo. Aliufunga mlango, akamkabidhi Germana ufunguo, akamuaga kwa salamu ndefu kama kawaida yake.

Fomu zilikuja kila asubuhi, safi, zimejazwa bila kosa. Siku ishirini na saba, kambi tano, na kisanduku cha tatizo kilisema hapana kila siku, kila kambi. Anitha alizichapisha fomu hizo akazibandika ofisini kwake Arusha. Tangu kampuni ianzishwe haijawahi kukaa mwezi bila tatizo, alimwambia Germana kwenye simu, wewe ni jembe. Germana alishukuru, akakata simu, akatafuta mtu wa kumwambia kwamba ameitwa jembe. Hakumpata.

Siku ya ishirini na nane walifika Malambo wageni kumi na wanne wakiwa wamejaa vumbi, wakafungua bomba za kuoga, zikakohoa tu. Simtanki ya kambi ilikuwa imepasuka siku kumi na tisa zilizopita. Siku zote hizo maji ya kunywa na kupikia yalikuwa yanabebwa na punda kutoka mbali. Na asubuhi ile ile fomu ya Malambo ilikuwa imesema hapana.

"Huyo msimamizi wa kambi ni mwongo," Anitha alisema. "Nenda ukanithibitishie, nimfukuze kazi."

Germana alipewa gari na dereva. Walipita lango la Ngorongoro ukungu ukiwa mzito, wakazunguka ukingo wa kreta bila kuiona, wakateremkia tambarare kwenye jua na vumbi, na saa zote hizo yeye alikuwa anajipandisha hasira. Mtu mzima, ameulizwa swali jepesi, amejibu uongo siku kumi na tisa mfululizo! Gari lilipofika kambini, Kakuta alikuja kuwapokea na rungu lake mkononi, mzee wa miaka hamsini hivi, amejifunga shuka juu ya sweta la kampuni. Germana hata hakumpa shikamoo.

"Kwa nini ulinidanganya?" alimuuliza.

Aliisikia sentensi ile ikitoka kinywani mwake na ikamshtua kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Hakujua kwa nini imemshtua.

"Karibu," Kakuta alisema. "Umefikaje? Kaa kwanza, chai ipo."

"Sikuja kunywa chai. Niambie."

"Kaa, dada."

Alikaa. Chai ya maziwa ililetwa, na Kakuta alisubiri hadi kikombe kilipofika nusu.

"Mimi si mwongo," alisema hatimaye. "Mashine yako haina adabu, ndiyo shida. Asubuhi naifungua. Haijaniuliza nimelalaje. Haijauliza watoto. Inaniuliza kuna tatizo. Sasa wewe, mtu akikukuta njiani, hajakusalimia, anakuuliza una shida gani, utamjibu nini?"

"Nitamjibu ukweli."

"Hapana. Utamwambia hakuna shida. Mtu mzima haanzi na shida, anaanza na uzima. Watoto wazima, ng'ombe wazima, sisi tupo. Hiyo ndiyo hapana niliyoijaza. Nilijaza nikasubiri iniulize tena, ili nami niseme ila simtanki imepasuka." Akafungua mikono. "Haikuuliza. Ilisema asante, ikazima. Kesho yake vile vile. Nikaona, ah, hawa watu wa Karatu siku hizi hawataki kusikia."

Germana hakuwa tena Malambo. Alikuwa kwenye kibanda cha simu Dar es Salaam, watu wanasonya nyuma yake, na kaka yake upande wa pili anasema hapana, hatujambo, na yeye anarudisha mkono wa simu. Tluway alikuwa amesema nusu ya kwanza ya jibu. Alikuwa bado na nusu ya pili mdomoni. Alitembea kutoka Kansay kuja kuisema, na dada yake akamkatia, halafu akamwita mwongo mbele ya waombolezaji, akamnyima salamu mnadani, akamwacha miaka mitatu na neno lake ambalo halijafika.

Alilia. Alilia kwa sauti, hata dereva akageuka kutazama pembeni. Kakuta aliogopa kwelikweli.

"Jamani, dada, simtanki si mtu," alisema. "Tutapata nyingine. Usilie hivyo."

Kwa Anitha alirudi na maelezo mafupi. Hakuna aliyedanganya, alisema, kosa ni langu, nilichora kisanduku cha mtu ambaye sikukaa naye, na muda nilioupaka rangi nyekundu ndio unaoleta habari mbaya mezani. Idadi za wageni na lita za mafuta zinaweza kupita kwenye kompyuta. Shida haziwezi. Kisanduku cha tatizo kifutwe.

"Kwa hiyo ninunue mashine inayosalimia watu?" Anitha aliuliza.

"Unaye tayari. Yuko likizo Rombo."

Anitha alikasirika, maana fedha za setilaiti zilishatoka, na neno jembe halikusikika tena. Lakini alikuwa mfanyabiashara, na picha ya wageni kumi na wanne wanaonawa kwa maji ya chupa haikumtoka. Kakuta alibaki na kazi yake. Mzee Bartolomeo alirudishwa, na asubuhi ya kwanza alitumia karibu saa mbili kuzungukia kambi zote tano, kwa kuwa kulikuwa na habari za mwezi mzima zilizolimbikizana. Enguserosambu peke yake walikuwa na matatizo sita. Germana alichora ukuta wake upya, safari hii pakiwa na mishale miwili kutoka kila kambi, mmoja kwenda kwenye kompyuta na mwingine chumba cha redio, na alipomaliza hakusubiri gundi ikauke.

Jumamosi hiyo alipanda gari la asubuhi kwenda Kansay. Alibeba sukari na mkate kama mgeni, na njia nzima alitamani gari liharibike. Je, Tluway akimfukuza? Angekuwa na haki. Mtu huzoea ukiwa wake, akaanza kuogopa kuupoteza, na Germana alikuwa ameuzoea wake sana.

Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya gunia, anapukuchua mahindi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota mvi. Aliinua uso, akamwona dada yake, akaendelea kupukuchua. Germana alichutama mbele yake na kumsalimia kwa Kiiraqw, lugha ya kwao ambayo hakuwa ameizungumza na mtu tangu siku ile ya msiba. Aliogopa sauti yake itakwaruza. Haikukwaruza.

"Habari za hapa nyumbani, kaka?"

"Nzuri," alisema Tluway, macho kwenye gunzi.

"Mke wako hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo. Wamekwenda kuchunga."

"Ng'ombe?"

"Wazima."

"Na mahindi mwaka huu?"

"Si mabaya. Si unayaona."

Aliuliza kuhusu maharage, kisima, majirani wa upande wa bondeni na wa upande wa mlimani. Yote yalikuwa mazuri. Alifika mwisho wa maswali aliyoyajua na akanyamaza, na safari hii hakuondoka. Jua lilikuwa limepanda. Tluway alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupa, akachukua jingine, hakulipukuchua.

"Nzuri zote," alisema, na akayatoa maneno vilevile kama alivyokuja nayo dukani Jumamosi ile, bila kubadilisha hata moja. "Ila mama anaumwa, Germana. Tangu Jumatano hajala kitu. Anakuulizia wewe. Amesema nikwambie uje."

"Nakuja, kaka," Germana alisema, akaketi chini kwenye magunzi. "Nakuja leo."